Kitasa Kipya Nyumbani kwa Berthe

Ukanda wa mpira ulikatika siku ya Alhamisi, Berthe aliporudi sokoni na beseni la sombe, majani ya muhogo, kichwani. Ulikuwa kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, kimepitishwa kwenye tundu la mlango na kufungwa kwenye komeo upande wa ndani. Ukiuvuta, komeo linanyanyuka, unasukuma kwa bega, unaingia. Safari hii Berthe aliuvuta, mpira ukambaki mkononi, na mlango ukakaa kimya. Alishusha beseni, akaketi kwenye ngazi ya saruji, akaanza kuchambua sombe palepale nje, maana majani hayangoji mlango. Alimtuma mtu wa kwanza aliyepita amwitie Ruffin.

Ruffin alikuwa seremala wa kona ya avenyu, mtu mrefu mwenye mdomo mwepesi. Aliingiza waya kwenye tundu, akanyanyua komeo, mlango ukafunguka. Kisha alichuchumaa akalitazama tundu lile kama daktari anayetazama koo.

"Mama Berthe," alisema, "nyumba ya matofari kama hii, simenti iko, plafond iko juu, na mulango unafungula na mpira ya kinga? Hata kuku yangu, kwake kuko poignée ku mulango."

"Bwana yangu njo alipenda vile."

"Bwana yako, Mungu amulaze muzuri. Lakini weye uko muzima. Siku moja hii mpira itakukatikia na mvua."

"Leo ilikatika na jua. Weka kitasa, Ruffin. Usiweke na maneno."

Benoît, mumewe, alikuwa mtu asiyeweza kuona kitu kimevunjika akakiacha. Katika miaka zaidi ya thelathini waliyoishi humo alipaka kuta rangi, alibadilisha mabati, alichimba choo kipya, alitengeneza hata redio za majirani. Lakini kitasa hakuweka. Berthe alipomwuliza, hakukosa jibu. Mwaka mmoja tundu lilikuwa pana mno. Mwaka mwingine vitasa vya siku hizi vilikuwa vya bati tupu. Mara ya mwisho, kifua kikiwa kimekwisha kumlaza kitandani, alisema tu kwamba kitasa ni kitu cha mwenye nyumba, akageukia ukutani. Berthe hakuuliza tena.

Maana kitasa cha kwanza kilikuwapo, na kila mtu wa avenyu alijua kilikokwenda. Kilikuwa cha shaba ya njano, kizito, na Tshibangu, mwenye nyumba, alikuwa akikisugua kwa majivu kila Jumamosi. Mwaka ule watu wa asili ya mkoa wa Kasai walipoambiwa kwamba mji huu wa Likasi si kwao, hata wale waliozaliwa hapo, na wakaanza kuteremka na mizigo kwenda stesheni kungoja treni, Tshibangu alichukua bisibisi akakifungua kitasa cha mlango wake. Nyumba haikuweza kupanda treni, kitasa kiliweza. Alisema wanaoitaka nyumba waifungue kwa kucha. Majirani waliofukuzwa pamoja naye walimwona, nao wakafanya vivyo hivyo bila mtu kuwaamuru. Ndiyo maana, kwa miaka mingi, mgeni aliyepita katika avenyu ile angeweza kujua nyumba zipi zilibadilisha watu kwa kutazama milango yenye mipira.

Wakati huo Berthe na Benoît walikuwa wapangaji wa anekse, kijumba cha chumba kimoja nyuma ya nyumba ya Tshibangu. Siku Tshibangu na mkewe Christiane walipotoka, wao waliingia. Ilikuwa kazi ya kuvuka uwanja tu.

Ruffin alirudi na kitasa cha chuma cheupe chenye mkono mrefu, ufunguo wake umefungwa kwa waya. Alileta na patasi ya kupanua tundu, lakini patasi haikuhitajika. Kitasa kiliingia kama mguu unaoingia katika kiatu chake cha siku zote. Jambo hilo halikumpendeza Ruffin, kwani kazi isiyotaka patasi ilimtia mashaka. Alikaza skrubu, akakishusha na kukipandisha, akafungua na kufunga, akala bukari, ugali wa unga wa mahindi, na sombe aliyopewa, akaenda zake.

Jioni, saa ile wafanyakazi wanaporudi juu ya baiskeli zao na barabara inajaa kengele, mkono wa kitasa ulishuka wenyewe. Berthe alikuwa akichekecha unga. Mlango ulifunguka, akaingia mwanamke mzee, mwembamba, kitambaa cha bluu kichwani na ndoo ya maji mkononi. Nyuma yake, pale ambapo palipaswa kuwa na avenyu, palikuwa na uwanja wa mchanga, mihogo iliyoanikwa juu ya bati, na mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi. Mbuzi alitazama ndani. Kisha mlango ukajifunga.

"Odi," alisema mwanamke yule, ingawa alikuwa amekwisha kuingia.

"Karibu," alisema Berthe. Alimjua kwa jinsi alivyotua ndoo bila kumwaga tone, akamwita kwa heshima ya dada mkubwa. "Yaya Christiane. Kaa."

Christiane alitazama viti vyote kabla ya kuchagua kimoja.

"Mulibadilisha rideaux," alisema, akitazama mapazia.

"Zile zilichakaa."

"Ni kweli. Nguo haiwezi kukaa miaka yote ile." Alipitisha kiganja juu ya ukuta karibu naye. "Na rangi hii, nani alichagua?"

"Benoît."

"Njo naona."

Walicheka kidogo, wote wawili, wakitazama ukuta wa kijani. Baada ya hapo Christiane alieleza alivyofika. Alikuwa ametoka kuteka maji kule Mwene-Ditu, upande wa Kasai, ambako treni iliwashusha mwaka ule na ambako Tshibangu alijenga nyumba ya matofali mabichi. Katika mlango wa nyumba ile alikifunga kitasa chake cha shaba. Leo alikishika kama kila siku, akafungua, akaingia.

"Njo niko hapa," alisema. "Mulitia kitasa?"

"Leo, saa sita."

"Ah bon. Njo ile basi," alisema Christiane, kwa sauti ya mtu aliyeelezwa kwa nini basi limechelewa.

Waliulizana habari. Tshibangu alikuwa amekufa zamani. Masikini, alisema Berthe. Benoît alikuwa amekufa juzi tu, kifua. Masikini, alisema Christiane. Watoto wa Christiane walikuwa wametawanyika, mmoja Kananga, mmoja Kinshasa, mmoja hajulikani. Berthe alisonga bukari, akapakua sombe, akaweka mezani maji ya kunawa.

"Nyie bantu ya huku," alisema Christiane akitazama sahani, "bado munakula mahindi tupu, bila kuchanganya muhogo?"

"Nyie bantu ya kule bado munatafuna gundi?"

"Gundi njo inashika tumbo. Hii yenu, ukipanda kilima, inakwisha."

Alikula vizuri, akanawa, akashukuru. Giza lilipokaribia kutimia alichukua ndoo yake, akafungua mlango, akatoka kwenye mchanga wake. Berthe alipokwenda kuondoa vyombo alikuta sahani ya mgeni imejaa. Bukari ilikuwa mviringo kamili, haina hata alama ya kidole, na ilifuka moshi. Aliifunika. Asubuhi aliila mwenyewe, kwa sababu chakula hakitupwi.

Christiane alirudi jioni ya pili, na ya tatu. Ilikuwa hivyo saa ile ya baiskeli tu. Saa nyingine zote mlango wake wa Mwene-Ditu ulimpa nyumba yake ya Mwene-Ditu. Berthe alijaribu kumfungashia unga. Mfuko ulibaki kizingitini, umesimama wima, huku aliyeubeba amekwisha kuvuka. Alijaribu kumpa pazia moja la zamani lililokuwa sandukuni, lile lile la Christiane. Nalo lilibaki. Kitu cha nyumba ile hakikuvuka.

"Nyumba ni yako, Yaya," Berthe alisema jioni moja, kwa sababu ilikuwa ni lazima mtu aseme. "Mi nitarudi ku anekse. Niko muntu moja, chumba moja inanitosha."

Christiane hakubisha. Aliinuka, akaingia kila chumba, akafungua kabati, akafunga kabati, akaenda jikoni akafungua mlango wa nyuma unaoelekea uwanjani na kwenye anekse. Nje ya mlango wa nyuma palikuwa na mchanga, bati la mihogo, na mbuzi. Alifungua dirisha, na dirishani alikuwapo mbuzi yule yule. Jioni ile alijaribu kulala katika chumba chake cha zamani, na Berthe akamfunika shuka. Giza lilipotimia shuka lilishuka polepole mpaka likagusa godoro, na kesho yake Christiane alieleza kwamba aliamka juu ya mkeka wake, miguu ikiwa na baridi.

"Inanipatia vyumba," alisema. "Haipendi kunipatia muji."

Basi hawakuzungumza tena habari ya kuhama.

Avenyu ilizoea. Kina mama walipitisha vichwa dirishani saa ya jioni kumsalimu Mama Christiane, na waliokuwa na umri wa kumkumbuka walimwuliza habari za wanawe. Ruffin alipata wateja wapya wawili, na watatu wakamwambia asithubutu kuugusa mpira wao. Katika nyumba moja aliweka kitasa kizuri sana, na mwenye kukaa humo alingoja jioni nyingi, chakula mezani, lakini mkono wa kitasa haukushuka. Watu walisema labda wenye nyumba ile walikwisha kufa wote, au walikiuza kitasa chao njiani wakanunua dawa. Mama yule aliendelea kupika kwa mtu mmoja zaidi.

Jumamosi, Berthe na Christiane walikuwa wakichagua maharagwe. Christiane alikuwa na mkono mwepesi. Mawe yake yalilia chini kabla ya Berthe kuyaona.

"Pale stesheni tulikaa siku mingi," Christiane alisema. "Treni haikukuya. Tulilala ku quai, pembeni ya reli, kiisha ndani ya wagon ya makaa. Kila asubuhi nilikuwa naangalia barabara. Nilisema, Berthe atakuya. Hata na chai tu." Alitupa jiwe. "Hata bila chai."

"Sikukuya."

"Apana. Haukukuya."

"Benoît alisema, tukitoka hata kidogo, bengine bataingia mbele yetu."

"Alisema kweli. Bangeliingia. Pale kwa mujirani baliingia na sahani zingali mezani."

Waliendelea na maharagwe. Berthe alitazama vidole vyake.

"Hata ku barabara sikukushindikiza," alisema. "Nilisimama ku mulango ya anekse na Yannick mu mikono. Nilikuona mugongo tu."

Katika familia zote za Likasi, za asili yoyote, hakuna asiyejua jambo hili. Mgeni akitoka kwako unamsindikiza. Unamsindikiza hadi kwenye mti, hadi barabarani, hadi mahali magari yanaposimama, na mnapofika hapo yeye naye anakurudisha kidogo, na watu wawili wanaopendana wanaweza kupoteza saa nzima kwa kusindikizana. Hata mtu mliyegombana naye mezani unamsindikiza hadi kwenye lango. Asiyesindikizwa hakuaga, amefukuzwa.

"Kesho nitakushindikiza," alisema Berthe.

"Mpaka wapi, mudogo wangu?"

"Mpaka stesheni. Fasi ile nilipashwa kukufikisha."

"Tutaona," alisema Christiane, akachukua ndoo yake.

Usiku kucha Berthe alikuwa na neno hilo kifuani. Aligundua kwamba hakuna kitu kingine alichokuwa akitaka. Magoti yake hayakuwa tena ya safari, lakini stesheni haikuwa mbali, na angeenda polepole. Asubuhi alifua kitenge chake cha misa, na baada ya misa hakukivua.

Jumapili hiyo, jioni ikianza, mwanawe Yannick alifika kutoka Kakontwe, ambako alifanya kazi kwenye machimbo ya chokaa. Alikuwa amevaa shati la kanisani, lakini weupe wa chokaa haukuwa umetoka kwenye kucha. Alimsalimu mama yake, akatoa mfukoni bisibisi na kufuli jipya, akaviweka mezani.

"Maman, hata kule Kakontwe banasema. Mwenye nyumba alirudi."

"Harudi. Anapita."

"Leo anapita. Kesho atakuya na batoto yake, kesho kutwa tuko inje na masufuria. Nitatosha ile kitasa ku mulango. Nitakuwekea kadenas."

"Kadenas unaweka juu ya nani?"

"Juu ya bezi."

"Mwizi gani anaingia na ndoo ya maji, Yannick?"

"Maman, mi sicheki. Nyumba hii papa alitengeneza na mikono yake. Mabati ni yake. Choo ni yake."

"Na mulango?"

Yannick alipiga magoti mbele ya mlango ule, akafungua skrubu ya kwanza, akaishika mdomoni, akaanza ya pili. Alikuwa mtu mpole na hakufanya hivyo kwa ubaya. Alifanya kama mtu anayeziba dirisha kabla ya mvua. Berthe alisimama nyuma yake katika kitenge chake cha misa, akatazama nje, na barabarani baiskeli za kwanza zilikuwa zimeanza kupiga kengele. Kitasa kilikuwa kimelegea na kuinama kidogo kama mkono wa mtu aliyechoka.

"Yannick," alisema, "acha kidogo."

"Ilibakia mbili tu, Maman."

Mkono wa kitasa ulishuka kwenye kiganja chake. Ilimbidi asogee ili mlango usimpige usoni. Christiane aliingia, akatua ndoo, akamtazama mwanamume mzima aliyepiga magoti mbele yake na skrubu mdomoni.

"Huyu njo Yannick?" alisema. "Kumbe alikomaa hivi. Weye, ulinikojolea mugongo siku ya Pasaka. Pagne yangu mupya ikalowa. Mama yako alikuwa sokoni, nilikubeba asubuhi muzima, na aksanti yako njo ile."

Yannick alitoa skrubu mdomoni.

"Jambo, Mama," alisema.

Alitaka kusema na mengine, maana njia nzima kutoka Kakontwe aliyapanga maneno yake vizuri, lakini mtu aliyekwisha kumkojolea mwingine mgongoni hana pa kuanzia.

"Uko unatosha ao uko unatia?" Christiane aliuliza, akionyesha bisibisi.

Yannick alimtazama mama yake. Berthe alijua kwamba skrubu mbili zilikuwa zimetoka na mbili zilikuwa zimebaki, na kwamba akinyamaza tu, mwanawe angemaliza kazi, na nyumba ingekuwa yake na ya watoto wake bila mtu wa kuingia jioni kutazama rangi ya ukuta.

"Anatia," alisema Berthe. "Ilikuwa inalegea. Kaza muzuri, Yannick, usiache hata moja."

Yannick alirudisha skrubu ya kwanza, akarudisha ya pili, akazikaza zote nne. Kisha alikula na kina mama wale wawili. Christiane alimwuliza kama chokaa haimkohozi, akajibu inamkohoza, akaambiwa anywe maziwa. Kufuli lilikaa mezani kati ya chumvi na pilipili.

Mwanga ulipopungua Christiane alisimama. Berthe naye alisimama, akajifunga kitenge vizuri, akavaa viatu.

"Nipatie mukono, Yaya."

"Utachoka, mudogo."

"Nipatie."

Christiane alishika ndoo kwa mkono wa kulia, akampa Berthe wa kushoto. Ulikuwa mkono mkavu, mgumu, wenye joto la maji ya kunawia. Walikishusha kitasa pamoja, wakavuta mlango, wakakiruka kizingiti kwa mguu mmoja kama maharusi wanaotoka kanisani. Katikati ya hatua ile mkono wa Christiane ulipungua, kama sabuni inavyopungua, mpaka Berthe akabaki ameshika kiganja chake mwenyewe. Alikuwa kwenye ngazi yake ya saruji. Mbele yake ilikuwa avenyu, watoto na mpira wao wa matambara, Ruffin akifunga karakana. Hapakuwa na mchanga wala mbuzi.

Kila mtu alitoka pale alipokuwa amepangiwa kutokea.

Kisha Berthe aliteremka ngazi, akaacha nafasi ya mtu mmoja upande wake wa kulia, akaanza kutembea.

"Tupite huku, Yaya," alisema. "Kule kuko matope, bomba ilipasuka tokea Pasaka na hakuna anayeangalia."

"Maman," Yannick aliita kutoka mlangoni, "uko unasema na nani?"

"Na mugeni wangu. Weye bakia, uchunge nyumba."

Yannick alibaki kuchunga nyumba.

Berthe alishuka avenyu yote. Alimwonyesha mgeni wake duka lililokuwa la Mgiriki, ambalo sasa linauza simu, na mahali palipokuwa na sinema, ambapo sasa watu wanasali. Alimweleza nani alikufa, na kwa ugonjwa gani, na nani angali akikopa chumvi. Alimweleza kwamba Mamie, yule binti wa mikate, hakuolewa tena na yule fundi, aliolewa na mdogo wa huyo fundi, na akazaa mapacha. Watu waliopishana naye walimsalimu, wakampisha yeye na nafasi iliyokuwa kando yake. Kijana mmoja wa baiskeli alizunguka mbali kidogo, kwa adabu.

Walipofika kwenye mteremko alipunguza mwendo, maana mambo aliyobaki nayo yalikuwa ya kusemwa polepole. Alimweleza usiku wa kwanza katika nyumba kubwa. Benoît aliweka kitanda katika chumba cha mbele, na hawakulala, kwa sababu tundu la mlango lilikuwa linapitisha upepo na upepo ule ulikuwa unatoka upande wa stesheni. Alimweleza kwamba asubuhi alichemsha chai. Aliichemsha nyingi, ya watu wengi, akaitia ndani ya birika, akalifunga birika kwa kitambaa, akafika nalo hadi kwenye lango. Pale langoni alisimama hadi chai ikapoa, akarudi, akaimwaga chini ya mti wa mpera. Hilo hata Benoît hakuambiwa.

Stesheni ilikuwa na nyasi kati ya reli. Mama mmoja aliyeuza karanga alikuwa akikunja meza yake. Berthe alipanda jukwaani, akasimama kama anavyosimama mtu aliyemleta mwingine kwenye treni, akatazama upande treni inakotokea. Haikutokea. Hakuondoka upesi, mtu anayesindikiza hatangulii kuondoka. Baadaye alisema, "Safari muzuri, Yaya. Salimia batoto," akarudi nyumbani, magoti yakimwuma.

Jumatatu jioni mkono wa kitasa ulishuka. Christiane aliingia, akatua ndoo, akaketi.

"Yule Mamie," alisema, "hao mapacha ni wa kwanza ao kulikuwa mwengine mbele?"

"Kulikuwa mwengine. Kijana. Iko Lubumbashi."

"Njo nilifikiri. Ulisema upesi upesi, sikusikia muzuri, mbuzi ilikuwa inalia."

Kumbe Christiane naye alikuwa ametembea. Alipotoka alikuta yuko peke yake kwenye mchanga, lakini sauti ya Berthe ilikuwa kushotoni kwake, ikimwambia apite huku kuko matope, naye akapita huku. Alizunguka uwanja wake, akatoka barabarani, akaenda kadiri sauti ilivyokwenda, akisimama iliposimama. Majirani zake wa Mwene-Ditu walimpisha, yeye na nafasi iliyokuwa kando yake.

"Na ile ya birika?" Berthe aliuliza, macho kwenye ungo.

"Nilisikia."

Christiane alivuta sahani ya maharagwe karibu, akaanza kuchagua. Baada ya muda alisema mpera ule daima ulikuwa na matunda machungu, labda chai iliusaidia. Berthe alisema haikuusaidia.

Tangu hapo imekuwa hivyo. Kila jioni Christiane huingia saa ya baiskeli, hukaa, hula chakula kisichomshibisha, huwatazama watu wa avenyu wanaopitisha vichwa vyao dirishani. Kila jioni Berthe hujifunga kitenge na kumsindikiza hadi stesheni, mvua inyeshe isinyeshe. Siku za mvua hubeba mwavuli na kuuinamisha upande wa kulia, na bega lake la kushoto hulowa. Yannick amepunguza kusema. Akija Jumapili hutia tone la mafuta kwenye kitasa ili kisikwaruze.

Stesheni, Berthe hungoja kama inavyopaswa, huaga, na hapo jukwaani humpa Christiane muda wa kutembea mpaka kwenye nyumba yake ya matofali mabichi. Kisha hupanda tena mteremko peke yake, hukishusha kitasa kwa mkono mmoja, na mlango, bila kumwuliza neno, humpa nyumba yote.